UZI: Namirembe, makanisa matano juu ya kilima kimoja, na kinanda cha mabomba

Mpanda_Vilima

Habari zenu wakuu. Juzi kwenye uzi wa misikiti ya Kampala mtu aliuliza mbona Namirembe, kilima chenye kanisa kuu la Kianglikana mjini Kampala, haiandikwi kwa Kiswahili, wakati habari zake zimejaa kwa Kiingereza na Luganda. Basi naanza mimi. Mwenye la kuongeza aongeze, na mwenye la kupinga apinge.

Wengi wanaopanda kile kilima huona kanisa la matofali mekundu lenye kuba, wakapiga picha na kushuka. Jengo lile ni la tano. Manne yaliyolitangulia yote yalikwisha, na kila moja lilikuwa na adui wake.

La kwanza lilijengwa 1890, dogo, mahali penye majimaji, halikudumu. La pili likapandishwa kileleni na kufunguliwa 1892. Lilikuwa msitu mzima wa nguzo chini ya paa la nyasi, na magogo yalibebwa mabegani kutoka mbali. Mwaka 1894 dhoruba ikaliangusha. La tatu likasimama 1895, nalo mchwa wakalitafuna mpaka likawa hatari kuingia.

Hapo ndipo watu wakasema basi, sasa ni matofali. Msimamizi alikuwa Borup, mmisionari fundi wa CMS (chama cha kimisionari cha Waanglikana wa Uingereza), ambaye ndiye pia aliyeleta mbegu za pamba mwaka 1903 zilizogeuza uchumi wa Uganda nzima. Vijana wakafundishwa kufyatua na kuchoma matofali. Udongo na matofali vikapandishwa kilimani kwa vichwa, na katika misafara ile walikuwemo wanawake, watoto na machifu pamoja. Katikiro (waziri mkuu wa Buganda) Apolo Kagwa mwenyewe alikuwa mstari wa mbele. Kanisa hilo la nne liliwekwa wakfu 1904. Kuta zilikuwa za matofali, lakini juu paliachwa nyasi, pamoja na minara mitatu iliyochongoka. Septemba 1910 radi ikapiga, na moto ukamaliza kila kitu isipokuwa kuta.

La tano ndilo hili la leo. Mchoro ni wa Temple Moore, msanifu Mwingereza aliyechora pia All Saints ya Nairobi. Ujenzi ulianza 1915 ukaisha 1919, maana yake lilijengwa katikati ya Vita ya Kwanza, wakati wanaume wengi wa nchi hii wamechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi kule upande wa Wajerumani. Safari hii juu waliweka vigae. Walikuwa wamejifunza kwa moto.

Sehemu ya pili, ya kinanda, naileta baadaye. Naomba mnisubiri.

Nyota_ya_Jinja

Asante sana ssebo. Mimi Mlutheri wa kutoka Bukoba, naishi Jinja, na sikujua hata nusu ya haya. Swali: kilima kile walipewa na nani? Na kwa nini makanisa makubwa yote ya Kampala yako vilimani?

Mpanda_Vilima

Dada Nyota, ardhi ilitoka kwa Kabaka, mfalme wa Buganda. Wamisionari wa kwanza wa CMS walifika kwa Mutesa wa Kwanza Juni 1877, Mackay akafuata Novemba 1878, na Wafaransa wa White Fathers, Padri Lourdel ambaye Waganda walimwita Mapera, wakaingia Februari 1879. Kila kundi lilitafuta kilima karibu na ikulu. Wakatoliki wakapata Rubaga, Waprotestanti Namirembe, Waislamu Kibuli, na Lugard, afisa Mwingereza, alipokuja Desemba 1890 akapiga kambi palipo Old Kampala sasa. Ukitaka kuelewa siasa za Buganda za miaka ile, panda kilima kimoja uhesabu vingine.

Mwalimu_Arua

Niruhusuni niweke jambo moja ambalo sisi watu wa Kiswahili hatulisemi vya kutosha. Kanisa hilo mwanzo wake ulikuwa wa Kiswahili. Mackay alipofika Buganda hakujua Luganda; alikuja na Kiswahili alichojifunza njiani kutoka pwani, na Maandiko aliyosoma mbele ya Mutesa yalikuwa tafsiri za Askofu Steere wa Zanzibar. Baraza la Kabaka lilikifahamu Kiswahili kwa sababu ya wafanyabiashara wa pwani. Karatasi za kwanza za kujifunza kusoma zilizotoka kwenye mashine yake ndogo ya kuchapa ziliwafikia watu ambao baadaye walikufa kwa ajili ya dini hiyo.

Na wale vijana watatu waliouawa 31 Januari 1885, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, inasimuliwa kwamba walikwenda kufa wakiimba wimbo wa Kiswahili waliofundishwa misheni. Kwa hiyo mnapozungumza muziki wa Namirembe, anzieni hapo. Ulianza miaka mitano kabla ya jengo la kwanza.

Baadaye Luganda ikachukua nafasi, na ni haki yake, maana Biblia nzima ya Luganda ilikamilika 1896 kwa kazi kubwa ya Pilkington na wenzake Waganda. Kabaka Daudi Chwa mwaka 1929 aliandika waziwazi kupinga Kiswahili kufanywa lugha ya nchi. Sisi wa West Nile tunaipenda lugha hii kwa sababu zetu. Lakini historia ibaki historia.

Mpanda_Vilima

Mwalimu, shikamoo. Hili ulilolileta ndilo lililonifanya nitake kuandika kwa Kiswahili tangu mwanzo.

Sasa kinanda. Namirembe pana kinanda cha mabomba, si kile cha umeme tunachokiona kila parokia kikiwa na spika mbili pembeni. Kwa wasiowahi kukisikia nieleze kinavyofanya kazi, kwa sababu ukielewa utendaji wake utaelewa kwa nini nimekiunganisha na yale makanisa manne.

Kinanda cha mabomba ni upepo. Zamani mtu alisimama nyuma akisukuma mivukuto kwa mkono au mguu ibada nzima. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na feni ya umeme. Upepo unajaa kwenye kisanduku kikubwa cha mbao, na juu ya kisanduku yamesimama mabomba. Mpigaji akibonyeza kibao, kilango kidogo kinafunguka chini ya bomba lake, upepo unapanda, bomba linalia. Kila noti ina bomba lake, na kila aina ya sauti ina safu yake ya mabomba. Ndiyo maana kinanda cha kawaida tu kinaweza kuwa na mamia ya mabomba, na vikubwa vina maelfu. Pembeni kuna vishikio vya kuvuta: kila kimoja kinafungua safu moja. Mpigaji anachagua safu zipi zilie pamoja, na miguu yake nayo inapiga vibao vya chini kwa sauti nzito.

Urefu wa bomba ndio sauti yake. Bomba lililo wazi lenye futi 8, kama mita 2.4, linatoa C ya chini yenye mitetemo karibu 65 kwa sekunde. La futi 16 linashuka mpaka 33 hivi, sauti unayoisikia kifuani kabla ya masikioni. Yale madogo kabisa hayazidi kalamu ya risasi. Ukiziba bomba juu, linashuka oktava nzima bila kuongezwa urefu. Mafundi hutumia njia hii pale nafasi inapokuwa finyu.

Vifaa vyake ni hivi: bati na risasi kwa mabomba mengi, mbao kwa mengine, ngozi nyembamba ya kondoo kwa mivukuto na vilango, gundi ya ngozi, sufi, waya. Yaani karibu kila kitu ambacho mchwa, unyevu na joto la kwetu hupenda kuharibu. Lile jengo la kwanza lilishindwa na majimaji: unyevu huohuo hufungua gundi na kuvimbisha mbao mpaka kibao kinakwama. La pili lilikwenda na upepo: kinanda kinaishi kwa upepo, ukivuja mahali padogo tu safu nzima inapungua nguvu. La tatu wadudu: ngozi na sufi ni chakula chao. La nne radi: na Kampala hutajwa miongoni mwa miji yenye ngurumo nyingi duniani, zaidi ya siku 200 kwa mwaka, huku feni ikitegemea umeme. Maadui wanne walewale, wamehamia ndani ya kinanda.

Ndiyo maana ninashikilia hivi: kanisa kama Namirembe halijengwi likaisha. Kizazi kilichobeba matofali kilifanya sehemu yake, na kinanda ndicho mahali ambapo kizazi chetu kinapimwa, kwa sababu kuta zinaweza kuvumilia uzembe wa miaka thelathini lakini kinanda hakiwezi. Tunahitaji mafundi wa vinanda hapahapa Uganda, waliofundishwa na kulipwa.

Sauti_ya_Alto

Nimeimba kwaya tangu nikiwa Sunday school, si Namirembe, parokia nyingine ya Kianglikana mjini. Nimewahi kuimba kwenye ibada iliyoongozwa na kinanda cha mabomba. Tofauti yake kubwa iko kwenye pumzi. Kinanda cha umeme kinakusukuma, kile cha mabomba kinavuta hewa pamoja nawe. Mwisho wa ubeti unasikia ukumbi wenyewe unaendelea kuimba kwa sekunde kadhaa, na mkuu wa kwaya mzuri anajua kusubiri hiyo sauti iishe kabla ya kuanza ubeti mwingine.

Jambo ambalo wengi hawajui ni la asubuhi na mchana. Ibada ya alfajiri kanisa limepoa, ibada ya adhuhuri limejaa watu na jua limepiga vigae. Mabomba yanapanda sauti. Kwaya yenye masikio inafuata bila kujua, lakini ukileta tarumbeta au kinanda cha umeme vipigwe pamoja nayo, hapo vita.

Mpanda_Vilima

Kweli kabisa nnyabo. Hewa ikipata joto sauti husafiri haraka zaidi, kwa hiyo bomba lilelile hutoa noti ya juu zaidi kidogo. Kila nyuzi moja ya joto ni kama sehemu tatu kwa mia za nusu-toni. Ukumbi ukipanda nyuzi 10, umepanda karibu theluthi ya nusu-toni, na sikio lolote linasikia. Kibaya zaidi, mabomba yenye ulimi wa shaba ndani hayapandi kwa kiasi hicho, kwa hiyo safu mbili za kinanda kimoja zinaachana. Fundi hupanga sauti katika joto lile ambalo ibada kubwa hufanyika.

Ngoma_Kwanza

Naomba kupinga kwa heshima. Juu ya kilima hichohicho kuna ngoma zinazoita watu ibadani. Ngoma hizo zilikuwa za Buganda kabla mzungu yeyote hajaja. Fundi wa ngoma yuko kila wilaya, ngozi ni ya ng'ombe wetu, mti ni wetu. Kinanda kimoja cha mabomba kukitunza ni fedha ambazo zingenunua ngoma, endingidi (fidla), amadinda (marimba) na ennanga (kinubi) za parokia nzima nzima. Wamisionari walituambia ngoma ni za mashetani, tukaziacha nje ya mlango, tukaingia kuimba nyimbo za kwao. Leo mnataka tulie juu ya kinanda chao?

Mwalimu_Arua

Ngoma_Kwanza una hoja, na wapo waliokutangulia kuisema kwa vitendo. Joseph Kyagambiddwa alitunga muziki mkubwa wa Mashahidi wa Uganda kwa mtindo wa Kiganda, ukaimbwa Roma mwaka 1964 walipotangazwa watakatifu. Upande wa Kianglikana pia, ngoma ziliingia kanisani polepole na sasa hakuna anayeshangaa. Mlango ule umeshafunguliwa.

Ngoma_Kwanza

Umefunguliwa, nakubali. Lakini bajeti haijafunguliwa. Nenda uulize parokia yoyote imetenga kiasi gani kwa ngoma.

Mpanda_Vilima

Ngoma_Kwanza, sitakujibu kwa kutetea wamisionari. Walikosea juu ya ngoma na walikosea vibaya. Ninachokataa ni kukiita kinanda kile "chao". Matofali ya 1904 yalibebwa na mabibi na mababu zetu, na kanisa likaungua, na wakabeba tena kwa ajili ya jengo la 1919. Kila kilichowekwa ndani ya nyumba waliyoilipia kwa shingo zao ni mali yao. Mtoto wa Mengo aliyekulia chini ya sauti ile, babake akafunga ndoa chini ya sauti ile, na nyanya yake akaagwa chini yake, huyo umwambie ni ya nani?

Kuhusu bajeti tuko pamoja. Fundi wa mbao anayeweza kuchonga ngoma ikalia ana mikono ya kujifunza kisanduku cha upepo. Nadhani karakana moja inaweza kuhudumia vyote viwili, na nisingependa kuona moja ikinyimwa kwa ajili ya nyingine.

Pii_Chol

Nimesoma kimya, mimi natoka Kitgum. Naomba mwongeze 1977, maana uzi wa Namirembe bila mwaka huo haujakamilika.

Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa 16 Februari 1977 chini ya utawala wa Amin. Serikali ikasema ajali ya gari. Namirembe palichimbwa kaburi karibu na la Askofu Hannington, yule aliyeuawa Busoga Oktoba 1885 na mifupa yake kuletwa kuzikwa kilimani siku ya mwisho ya mwaka 1892. Mwili wa Luwum haukuletwa. Ulipelekwa kwao Mucwini, na huko ndiko aliko mpaka leo. Jumapili iliyofuata watu kwa maelfu walipanda Namirembe hata hivyo, wakijua wanatazamwa na askari, wakasimama kwenye kaburi tupu wakaimba. Askofu Mkuu aliyestaafu, Erica Sabiti, aliwakumbusha maneno ya malaika kwa wale wanawake wa Pasaka, kwamba hayupo hapa.

Sisi Waacholi tuna kaburi, Namirembe wana shimo lake. Nilipokuwa mdogo wazee wa kwetu walisema zote mbili ni zake. Sijui habari za mabomba, lakini siku ile waliimba kwa koo zao, na ilitosha.

Sauti_ya_Alto

Asante ndugu yangu. Nimesoma hili mara mbili.

Mpanda_Vilima

Pii_Chol, asante kutoka moyoni. Nilikuwa nimepanga kuandika juu ya makaburi yale, na umeandika vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Wengine waliolala pale ni pamoja na Mackay, aliyefariki kusini mwa Ziwa 1890 na masalia yake kurudishwa Buganda baadaye, na daktari Albert Cook, mwanzilishi wa hospitali ya Mengo iliyo ubavuni mwa kilima, 1897. Na 1954, Mutesa wa Pili akiwa uhamishoni Uingereza, mkutano wa kutafuta namna ya kumrudisha ulifanyika kilimani hapohapo, ukiongozwa na Profesa Keith Hancock.

Randa_na_Msumeno

Mimi fundi seremala, Jinja Road. Mpanda_Vilima, umenigusa pale kwenye karakana. Nimeshatengeneza milango ya makanisa, mimbari na viti, lakini kinanda sijawahi kukigusa. Mtu aanzie wapi? Na kisanduku hicho cha upepo ni mti gani?

Mpanda_Vilima

Mzee wa randa, karibu sana. Ulaya hutumia mwaloni na misonobari, lakini vinanda vilivyotengenezwa kwa ajili ya nchi za joto mara nyingi huwa vya msaji wa Asia au mkangazi, na viungo vyake hutiwa skrubu, havitegemei gundi peke yake. Sisi tuna mvule na mkangazi wetu. Mbao iwe imekauka kweli, si ile ya kutoka kiwandani wiki iliyopita; ikipinda milimita moja, upepo wa noti moja unaingia kwa jirani yake na mabomba mawili yanalia kwa kibao kimoja.

Nisingekushauri uanzie kwenye kinanda cha mabomba. Anzia na vile vinanda vya kukanyaga kwa miguu ambavyo makanisa ya vijijini yamevitupa stoo. Kanuni ni ileile ya mivukuto, kisanduku na vilango, isipokuwa mahali pa mabomba pana ndimi za shaba, kila moja ndogo kama kucha. Ukikiharibu hujaharibu urithi wa taifa.

Sauti_ya_Alto

Parokia moja ninayoijua ina kimoja stoo, chini ya viti vilivyovunjika. Mivukuto imechanika pande zote na vibao kadhaa vinalia bila kuguswa. Mzee wa kanisa ananiambia kila mara tukiuze chuma chakavu. Fundi ukikubali, nitamwomba asubiri.

Randa_na_Msumeno

Nakubali. Nipeni maelekezo ya kwanza tu nisije nikafanya uharibifu.

Mpanda_Vilima

Kabla ya kufungua skrubu yoyote piga picha kila upande, na kila kibao ukiandikie namba kwa penseli, kwa sababu havifanani hata kama vinaonekana hivyo. Kibao kinacholia bila kuguswa mara nyingi ni vumbi lililokaa kwenye kilango au springi iliyochoka, kwa hiyo safisha kwanza kabla ya kubadilisha chochote. Ndimi za shaba usizisugue kwa msasa wala kuzitia mafuta. Brashi laini ya rangi inatosha, na ulimi usiousafisha usiuguse. Mivukuto usiizibe kwa gundi ya viatu, itakauka na kupasuka kwenye kunjo. Tafuta kitambaa kizito cha pamba kilichotiwa mpira, na ngozi nyembamba ya kondoo kwa ajili ya pembe. Kompresa ya gereji usiisogeze karibu kabisa, itang'oa ndimi.

Nyumba za mchwa ukizikuta ndani, kitoe nje ya kanisa siku hiyohiyo kabla ya kuanza kazi yoyote.

Randa_na_Msumeno

Ngozi ya kondoo nyembamba nitaipata wapi Kampala?

Ngoma_Kwanza

Katwe, kwa watu wanaotengeneza ngoma ndogo. Nitumie ujumbe nikupe namba ya mzee mmoja, mwambie unataka iliyolainishwa, ya tumboni.